Povu limezama siku ya tatu: je, bia yangu ya kwanza imeharibika?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuwa msomaji wa ukurasa huu kwa muda mrefu, ila hii ni mara yangu ya kwanza kuandika. Jumamosi jioni nilipika bia kwa mara ya kwanza maishani mwangu: lita 20, kwa kimea cha shayiri kilichokolezwa, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na pakiti moja ya gramu 11 ya hamira kavu ya bia. Nilipoza maji ya kimea hadi nyuzi 24, nikayatia kwenye ndoo ya plastiki, nikanyunyiza hamira juu yake, nikafunika na kuchomeka kile kizibo chenye maji kwenye tundu la mfuniko. Jumapili mchana kizibo kilikuwa kikitoa mapovu kila baada ya sekunde mbili au tatu, nami nikafurahi mno. Jumatatu jioni yalipungua, na leo Jumanne hakuna hata moja. Nilipofungua nimekuta povu limezama, ukutani mwa ndoo kuna duara la uchafu wa kahawia, na harufu inayotoka inafanana na ya mayai viza. Maelekezo yaliyokuja na kimea yanasema bia huchacha kwa siku 7 hadi 10. Je, hamira imekufa? Niongeze nyingine, au nimwage yote? Haidromita, yaani chombo cha kupimia uzito wa bia, ninayo, lakini nilipima mara moja tu kabla ya kutia hamira, ikasoma 1.048, na tangu hapo sijathubutu kuigusa bia. – Mpishi wa mara ya kwanza

JIBU: Ndugu msomaji, usimwage, na tafadhali usiongeze kitu chochote. Dalili zote ulizozitaja, yaani povu lililopanda likashuka, duara la kahawia na hata hiyo harufu iliyokutia hofu, ni za bia iliyochacha, tena iliyochacha kwa nguvu. Unachokikosa ni kipimo cha pili, na chombo cha kukupa kipimo hicho tayari umekishika mkononi.

Tuanze na mapovu ya kizibo, kwa kuwa ndiyo yaliyokufurahisha Jumapili na ndiyo yanayokukosesha usingizi leo. Hamira inapokula sukari ya kimea hutoa vitu viwili vikubwa, kileo na hewa ukaa, na wakati huohuo hutoa joto. Lita 20 za bia ya nguvu kama yako huzalisha karibu lita 400 za hewa ukaa tangu mwanzo hadi mwisho, na hewa yote hiyo lazima ipate pa kutokea. Ikikuta mfuniko umebana barabara, itapita kwenye kizibo na utaona mapovu. Ikikuta upenyo mdogo pembezoni mwa mfuniko, ambao kwenye ndoo za plastiki ni jambo la kawaida kabisa, itapitia huko kimyakimya, na kizibo kitabaki kimya ilhali ndani kazi inaendelea. Kinyume chake nacho hutokea: bia iliyokwisha kuchacha siku nyingi inaweza kuanza tena kutoa mapovu kwa sababu tu chumba kimepata joto mchana na hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya bia inapanda kutoka. Kwa hiyo kizibo hukueleza kwamba hewa inapita mahali hapo na kwa wakati huo, lakini hakikuelezi sukari kiasi gani imeliwa wala kiasi gani imebaki.

Kuhusu kasi iliyokushangaza, jibu liko kwenye zile nyuzi 24. Hamira nyingi za bia zinazochachia kwenye joto la kawaida hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22, na kwa sababu uchachu wenyewe huzalisha joto, bia iliyo katikati ya kazi huwa na joto la juu kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa. Ukianza na 24, haishangazi ndani ya ndoo kufika 26 au 27, na katika joto hilo hamira hukimbia: kazi ambayo kwa utulivu ingechukua siku tano au sita inaweza kumalizika kwa sehemu kubwa ndani ya saa 48. Maelekezo yako ya siku 7 hadi 10 yameandikwa kwa mtu ambaye mwandishi hajui chumba chake kina joto gani. Safari ijayo poza zaidi kabla ya kutia hamira, hadi nyuzi 18 au 19, kwani kasi hii ina gharama yake, nayo huja kwa namna ya ladha za matunda na za kileo kikali ambazo huenda hukuzikusudia.

Sasa kipimo. Haidromita ni ule mrija wa kioo uliofungwa, mzito chini na mwembamba juu, unaoelea kwenye kimiminika na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji. Katika maji safi yenye nyuzi 20 husoma 1.000. Sukari huyafanya maji kuwa mazito, ndiyo maana siku ya kwanza ulisoma 1.048, sukari inapoliwa na nafasi yake kushikwa na kileo, ambacho ni chepesi kuliko maji, mrija huzama zaidi na namba hushuka. Wapishi wa bia wa Uingereza walianza kutumia chombo hiki katika karne ya 18, wakati hakuna aliyejua kwa hakika hamira ni kitu gani. Ilibidi kusubiri hadi katikati ya karne ya 19 Louis Pasteur aonyeshe kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Nakutajia hili ili uone kwamba hata wasiojua mfanyakazi wao ni nani waliweza kujua amefika wapi, kwa kupima tu.

Takasa kila kitakachogusa bia, yaani kikombe au bomba la kuvutia pamoja na haidromita yenyewe, kwa dawa ileile uliyotumia siku ya kupika. Kama ndoo ina bomba chini, fungulia kidogo. Kama haina, chota kwa haraka na ufunike. Jaza bia kwenye mtungi mwembamba mrefu, kisha tumbukiza haidromita na uizungushe kwa vidole viwili, kama mtu anayesokota uzi, ili vipovu vilivyoganda kwenye kioo viachie. Jambo hili ni dogo kwa kuliangalia lakini lina uzito: vipovu hivyo huubeba mrija juu na kukuonyesha namba kubwa kuliko ukweli, na wapo waliodhani bia yao imekwama kumbe vipovu ndivyo vilivyokwama. Subiri mrija utulie bila kugusa ukuta wa mtungi, uinamishe kichwa hadi jicho lilingane na uso wa bia, kisha usome pale ulipo usawa wa bia yenyewe. Usisome pale inapokwea kidogo kwenye shingo ya kioo. Angalia pia joto la sampuli. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzi 20, na bia yenye nyuzi 30 itasoma pungufu kwa takriban 0.002 hadi 0.003, kwa hiyo utaongeza kiasi hicho. Sampuli hiyo usiirudishe ndooni. Inuse, kisha ionje: ikiwa sukari imeliwa, utamu mzito uliouonja siku ya kupika utakuwa umeondoka na uchungu wa hopsi umejitokeza, huku ladha ikiwa bado mbichi na haina gesi ya kutosha.

Kwa bia iliyoanza kwenye 1.048 na iliyotokana na kimea kilichokolezwa, natarajia utasoma mahali fulani kati ya 1.010 na 1.016. Tuseme umepata 1.011. Ukitoa 1.011 kutoka 1.048 na kuzidisha tofauti hiyo kwa 131.25, utapata kileo cha takriban asilimia 4.9, na utajua kwamba zaidi ya robo tatu ya kile kilichopimwa mwanzoni kimekwisha kuliwa. Hiyo si bia iliyokufa. Hata hivyo namba moja haitoshi, kwa sababu haikwambii kama inaendelea kushuka au imesimama. Pima tena baada ya siku tatu. Namba ikiwa ileile, uchachu umekwisha; ikiwa imeshuka, hata kwa 0.002, hamira bado iko kazini na wewe huna la kufanya ila kungoja.

Naomba usiichukulie kazi hii ya kupima mara mbili kama usumbufu wa watu wenye mikono mingi, kwani ndiyo inayolinda macho na mikono ya watu wa nyumbani mwako. Bia ya kawaida kwenye chupa hubeba gesi yenye ujazo wa mara mbili hadi mbili na nusu ya ujazo wa bia yenyewe. Kila namba inaposhuka kwa 0.002 ndani ya chupa iliyofungwa, huongezeka gesi ya takriban ujazo mzima mmoja. Mtu akijaza chupa bia yenye 1.020 kwa kuwa kizibo kimenyamaza, na bia hiyo ilipaswa kufika 1.012, atakuwa amefungia humo ujazo mwingine minne, juu ya gesi ya ile sukari kidogo ambayo ataiongeza mwenyewe wakati wa kujaza chupa ili bia ipate povu. Kioo hakihimili hali hiyo; chupa hupasuka, na vipande vyake huruka kwa nguvu. Anayepima mara mbili hakutani na ajali hiyo.

Turudi kwenye ulichokiona ulipofungua mfuniko. Duara la kahawia ni mabaki ya povu: hamira, mabaki ya hopsi na protini za kimea zilizopandishwa juu, zikagandia ukutani povu liliposhuka. Ni kama alama inayoachwa na maji ya bahari ukutani baada ya kupwa, na hukuonyesha wazi povu lilifika wapi. Ukiliona duara hilo, hata kama hukuwahi kuona povu lenyewe kwa sababu lilipanda na kushuka usiku umelala, ujue hamira ilifanya kazi. Harufu ya mayai viza hutokana na gesi ya salfa ambayo hamira huitoa ikiwa kazini; baadhi ya hamira huitoa sana na nyingine kidogo. Huondoka yenyewe ikibebwa na hewa ukaa, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Harufu ya kukuhangaisha ni ile ya siki kali, au ya kitu kilichooza, na hizo hukuzitaja.

Sababu nyingine ya kungoja ni kwamba namba ikisimama, hamira haijamaliza wajibu wake. Ikiwa mbioni huacha nyuma vitu vyenye ladha ya tufaha bichi na vingine vyenye ladha ya siagi, na sukari inapokwisha hugeuka na kuvila vitu hivyo. Bia iliyofikia namba yake ya mwisho siku ya nne na ikaachwa ndooni hadi siku ya 14 huwa safi mdomoni kwa namna ambayo huhitaji kuwa bingwa kuitambua. Usiihamishie kwenye chombo kingine kwa kuogopa mashapo yaliyo chini. Kwa wiki mbili au tatu hayaidhuru.

Nina sababu ya binafsi ya kukusihi. Bia yangu ya kwanza ilinyamaza siku ya tatu kama yako. Nilifungua mfuniko mara kwa mara kwa siku mbili, nikaikoroga kwa mwiko ili kuiamsha hamira, kisha nikatia pakiti ya pili. Nilipokuja kupima, namba ilikuwa 1.012 na haikushuka tena, yaani ilikuwa imekwisha kabla sijaanza kuisumbua. Wiki tatu baadaye niliionja ikiwa na ladha ya karatasi ngumu iliyolowa maji, ambayo ndiyo ladha ya bia iliyoingiliwa na hewa ya nje baada ya kuchacha. Hamira ilikuwa imefanya kazi yake yote, nami ndiye niliyeiharibu kwa mikono yangu. Kabla hamira haijaanza, maji ya kimea yanahitaji hewa na unaweza kuyatikisa upendavyo. Ikishamaliza, kila unapofungua na kukoroga unaipa bia kitu kinachoizeesha.

Na iwapo kipimo chako kitanikatalia? Ukikuta bia imesimama kwenye 1.025 au zaidi kwa siku tatu mfululizo, hapo tutasema imekwama. Kwanza ipeleke mahali penye joto zaidi kwa nyuzi mbili au tatu, kisha uizungushe ndoo taratibu ikiwa imefunikwa, ili hamira iliyotua chini ipande. Subiri siku mbili au tatu, upime tena. Hamira mpya iwe hatua ya mwisho. Kwa hali uliyoieleza, sidhani utafika huko.

SWALI: Yangu haijanyamaza, kwa sababu haikuwahi kuanza. Zimepita saa 48 tangu nitie hamira na hakuna povu wala harufu. Nakiri kwamba sikuwa na kipimajoto, na maji ya kimea yalikuwa bado ya moto kiasi nilipoitia. Nifanye nini? – Mwenye haraka

JIBU: Ndugu mwenye haraka, kwanza fungua na utazame ndani, kwa sababu ya ile habari ya mifuniko inayovuja. Kama hakuna povu wala alama ya povu ukutani, pima. Hamira kavu inaweza kuchukua saa 12 hadi 24 kabla ya kuonyesha dalili, na ikiwa ni ya zamani au chumba ni baridi inaweza kufika saa 72. Lakini hamira iliyotiwa kwenye maji ya zaidi ya nyuzi 40 huumia, na joto likizidi hapo hufa, na kauli yako ya "moto kiasi" ndiyo inayonitia shaka.

Haidromita ikisoma namba ileile ya siku ya kwanza, nenda katafute hamira nyingine leo, usingoje wiki iishe. Sikuambii hivi kwa kupenda pupa. Bia iliyochacha hujilinda yenyewe, kwa kuwa ina kileo, ina uchungu wa hopsi, na ukali wake umeongezeka kiasi cha kuvizuia vijidudu vya magonjwa kustawi. Maji ya kimea ambayo hayajachacha hayana kinga hiyo. Ni uji mtamu ulio kwenye joto la chumba, na kila kiumbe kinachopita angani kingependa kukaa humo. Hakikisha safari hii maji hayazidi nyuzi 22, fuata maelekezo ya pakiti kuhusu kuloweka hamira, na ufunike. Ikiwa utakuta harufu ya uozo kabla hamira mpya haijaingia, mwaga bila kuonja.

SWALI: Ni siku ya 12. Namba imesimama kwenye 1.010 kwa siku nne, lakini juu ya bia kuna vitu vyeupe vinavyoelea. Nimetazamishwa picha nyingi na sasa sijui nini ni nini. – Mwangalizi

JIBU: Ndugu mwangalizi, chukua tochi na uangalie kwa karibu. Visiwa vya rangi ya maziwa au kahawia hafifu, vyenye unyevunyevu na vinavyovunjika ukiitikisa ndoo kidogo, ni makundi ya hamira yaliyochelewa kutua, yaache. Utando mkavu uliotandaa juu ya bia kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, wenye mikunjo na pengine mapovu makubwa yaliyonasa chini yake, ni kazi ya hamira za porini au bakteria walioingia. Bia ya namna hiyo kwa kawaida si sumu, ila itazidi kuwa chachu, na namba yake inaweza kuanza kushuka upya baada ya kusimama, kwa hiyo usiitie kwenye chupa za kioo. Vitu vyenye manyoya, vya kijani, vya bluu au vyeusi, ni ukungu, na hapo sina ushauri mwingine ila kumwaga.

Ukilazimika kumwaga, pitisha kidole ndani ya ndoo ile ikiwa kavu. Ukihisi mikwaruzo, ipangie kazi nyingine nyumbani na ununue mpya, kwani vijidudu hujificha ndani ya mikwaruzo hiyo mahali ambapo dawa ya kutakasa haiwafikii, na bia yako ijayo itaanza na wageni walewale. Badilisha na mpira wa bomba pia.